Nani Atamlipa Muua Mazimwi?

Hapa Umwe, Rufiji, mtu mzima akionekana na kitabu mkononi, watu wanajua ni moja kati ya mawili: ana mtihani, au ana matatizo nyumbani. Mtihani wangu wa mwisho niliufanya zamani, hata walimu walionisimamia wameshastaafu. Kwa hiyo tangu mpwa wangu aniachie kitabu chake aliporudi Dar, kila anayepita barazani kwangu ananisalimu kwa ile sauti ya msibani. "Habari za hapa? Hamjambo lakini? Na mama watoto yupo?" Yupo, jamani. Yuko uani anapeta mchele, ametega sikio asikie kama nitacheka tena peke yangu.

Kitabu chenyewe ni cha hadithi fupi, kinaitwa The Last Wish. Kimeandikwa na Andrzej Sapkowski, mzee wa Poland aliyezaliwa mwaka 1948. Kwao kilitoka 1993, kwa Kiingereza kikatoka 2007, na Umwe kimefika sasa hivi, kimekunjwa pembe na kumwagiwa chai, maana mpwa wangu naye si mtunzaji. Shujaa wake anaitwa Geralt. Ana nywele nyeupe, ana panga mbili, mmoja wa fedha na mwingine wa chuma, na ana farasi ambaye akifa, anayefuata anapewa jina lilelile, kuokoa muda. Kazi yake ni kuua mazimwi kwa malipo. Anapita kijiji hadi kijiji akiuliza kama kuna kinachowasumbua. Wanapatana bei, anakunywa madawa yake machungu, anaingia pangoni, anatoka na kichwa cha dubwana, anadai chake. Akishadai chake ndipo hadithi inapoanza kunoga, kwa sababu kulipwa baada ya kazi kwisha ni vita vikubwa kuliko vile vya pangoni.

Nilidhani watu wangu wataniuliza zimwi lina pembe ngapi. Hakuna aliyeuliza pembe. Wa kwanza alikuwa mzee jirani yangu, fundi mwashi mstaafu, aliyejenga nusu ya nyumba za mtaa huu na ambaye mpaka leo anaidai robo yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unasoma nini, mwanangu?"

"Hadithi tu. Kuna mtu anakodiwa kuua mazimwi."

"Anakodiwa." Akavuta kigoda, akakaa. "Analipwa shilingi ngapi?"

"Zimwi la kwanza, oreni elfu tatu. Ndiyo hela ya kwao."

"Nusu kachukua mwanzo?"

Nikarudi nyuma kurasa kadhaa kutafuta. Sikuona mahali alipochukua nusu.

"Na chakula cha kazini juu ya nani? Akichanika, hospitali juu ya nani? Wameandikiana, au ni maneno tu?" Akanitazama kama vile mimi ndiye niliyempeleka kijana wa watu kwenye kazi ile. "Huyo ataua, halafu wataanza kumwambia njoo Jumatatu."

Nimesoma kitabu kizima sasa, na lazima niseme mzee huyu ambaye hajakifungua alikielewa kabla yangu.

Chukua hiyo hadithi ya kwanza. Mfalme Foltest wa Temeria alizaa na dada yake wa damu. (Mama watoto aliposikia hapo, ungo ulinyamaza.) Mama na mtoto wakafia uzazini, wakazikwa katika jeneza moja, na baada ya miaka saba mtoto akafufuka akiwa zimwi lenye meno, linatoka usiku kula watu. Ungetegemea mfalme aseme, mwueni. Hataki. Ni mwanawe. Anataka aondolewe uzimwi, binti abaki. Yaani fundi unaambiwa toa mchwa, lakini nyundo isiguse mlango. Wakati huohuo wapo wakubwa wengine wa palepale wanaotaka binti auawe, na mmoja anamletea Geralt fedha aondoke kimya bila kufanya chochote, kwa sababu zimwi likiendelea kula watu, mfalme atazidi kuchukiwa, na kuna mfalme mwingine anangojea kiti. Mtu amekuja kuua zimwi, anakuta zimwi lina kambi mbili.

Nikasema, hii mbona naijua. Sisi tulisimuliwa Nunda kabla ya kujua kusoma, na Askofu Edward Steere aliikusanya Unguja akaichapa katika Swahili Tales mwaka 1870, zaidi ya miaka mia moja kabla ya huyu bwana wa Poland kukamata kalamu. Sultani Majnun alikuwa na paka. Paka akala ndama, watu wakashitaki. Sultani akasema paka wake, na ndama wake. Akala mbuzi, akala ng'ombe, jibu likawa lilelile. Watu wa mji wanahesabu mifupa, Sultani anahesabu mali. Mpaka paka alipokula watoto wa Sultani mwenyewe ndipo mkubwa akatambua kwamba yule si paka tena, ni Nunda, mla watu. Tangu Temeria hadi Unguja, zimwi likiwa na mwenyewe Ikulu haliitwi zimwi.

Na mwindaji wetu sisi ni kitinda mimba wa Sultani, kijana wa kushinda jikoni, hana upanga wa fedha wala dawa. Anaingia porini, anaua mnyama, anamburura hadi nyumbani akiimba, mama yake anatoka, anatazama, anamwambia siye. Anarudi tena. Anaua mkubwa zaidi. Siye. Kijana amemaliza nusu ya mbuga kwa sababu hakuna aliyempa maelezo ya kazi. Geralt angelikuwa yeye angedai kila mzoga. Kijana wa watu hakudai hata nauli, kwa kuwa ni kazi ya familia, na kazi ya familia tunajua inavyolipwa.

Nina malalamiko mengine ya kiufundi. Ili uchawi wa yule binti umtoke, inabidi azuiwe kurudi jenezani mpaka jogoo awike mara ya tatu. Mpango huo utafaa huko Temeria. Umwe ungevurugika saa nne za usiku. Jogoo wa mtaani kwetu anawika kila lori la Mtwara linapommulika taa, na malori ya Mtwara hayana mwisho. Kabla ya watu kumaliza kula daku amewika mara kumi na saba, na hakuna aliyepona uchawi wowote.

Halafu ile hadithi iliyokipa kitabu jina lake. Geralt na rafiki yake mshairi wanavua samaki. Wavu unanasa mtungi wa kale, umezibwa kwa muhuri. Rafiki anaufungua. Jamani! Mtoto wa madrasa wa Ikwiriri, ambaye bado anamung'unya Juzuu Amma, anajua kwamba chombo kilichotoka majini kikiwa kimezibwa kwa muhuri hakifunguliwi. Ukikiopoa mto Rufiji unakirudisha taratibu, unasema bismillahi, unahama na eneo la kuvulia. Au kama wewe ni mtu wa mjini, unamtafuta mnunuzi wa mali za kale umwachie yeye balaa. Hawa wakafungua, jini likatoka, mshairi akakabwa koo, na kurasa nyingi zikatumika kutengeneza jambo ambalo bibi yangu angelizuia kwa kofi moja.

Lakini nisiwe mchoyo wa sifa. Yule bwana anajua vijiji. Katika hadithi moja Geralt anaua dude la kinamasini, anakwenda nalo mjini Blaviken, na mkuu wa mji ambaye ni rafiki yake anamweleza kwa upole kwamba hakuna aliyetoa tangazo, kwa hiyo hakuna fungu. Nilifunga kitabu nikaenda kunywa maji. Mtu huyu amewahi kukaa Tanzania?

Hebu mfikirie Geralt akishuka leo kwenye basi, panga mgongoni, katika kijiji chochote cha ukanda huu. Kwanza bodaboda watamgombania, kisha wataambiana bei ya mzungu. Kwa mtendaji ataulizwa barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa kitongoji alikotoka. Ataulizwa namba ya mlipakodi. Upanga wa fedha una risiti? Kisha kitaitishwa kikao cha kulijadili zimwi, akidi haitatimia kwa sababu kuna msiba mtaa wa pili, kitaahirishwa, zimwi litakula mbuzi wa watu wawili, kitaitishwa tena. Itaundwa kamati. Kamati itahitaji posho. Kila kaya itachangia, wengine watasema zimwi halijafika upande wao, wao wachangie nini? Na mzee mmoja nyuma kabisa atasimama aulize fedha za zimwi la mwaka juzi ziliishia wapi.

Nacheka, lakini sisi zimwi tumekuwa nalo.

Kuanzia mwaka 2002 simba mmoja aliwinda watu wa Rufiji, enzi hizo Kibiti ikiwa bado ndani ya wilaya hii. Watu walimbandika jina lililokuwa redioni kila siku wakati ule: Osama. Kwa muda wa miezi 20 hivi aliua watu wasiopungua 35 katika vijiji vinane. Aprili 2004 askari wa wanyamapori wakamwua. Walipomkagua wakakuta kijana wa miaka mitatu na nusu, na chini ya jino lake moja la gego kuna jipu kubwa la usaha. Gego limepasuka. Mnyama alikuwa na maumivu ya jino, na huenda ndiyo sababu aliona mtu ni chakula chepesi kuliko nyati.

Mzee wangu fundi mwashi alikuwa akilinda mpunga bondeni miaka hiyo. Usiku uko juu ya dungu, miti minne na nyasi, unapiga debe kufukuza nguruwe, na chini yako giza linapumua. Anapolisimulia hilo hafanyi mzaha, na mimi hukiweka kitabu chini. "Kila sauti ilikuwa ni yeye," anasema. "Hata chura." Asubuhi mnaitana kwa majina, dungu hadi dungu, asiyeitika mnamfuata mkiwa kundi. Halafu anaongeza lile ambalo Sapkowski angelipenda: "Na mpunga wenyewe mwaka ule nguruwe waliula."

Maana chanzo cha yote ni nguruwe. Mwaka 2005 mtafiti Craig Packer na wenzake, wakiwamo Watanzania, waliandika katika jarida la Nature kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya watu 560 nchini, na mashambulizi yanapamba moto wakati wa mavuno. Nguruwe pori anaingia shambani, mkulima anahamia shambani kumlinda, simba anamfuata nguruwe, anamkuta mkulima amelala. Sasa mkodi mwindaji aondoe nguruwe, mambo yatengemae. Huko kwingine mwindaji wa nguruwe anajilipa kwa nyama na bado anagawa kwa majirani. Huku kwetu nyama ile ni haramu, hakuna atakayeigusa, achilia mbali kuipokea kama mshahara. Ungelazimika kumlipa taslimu. Basi nguruwe anaishi, ananenepa kwa mpunga wa Waislamu, na hana wasiwasi na mtu.

Katika kitabu kuna hadithi inayofanana na hiyo. Wakulima wanasumbuliwa na kitu chenye pembe na kwato kinachoiba nafaka zao, wanamkodi Geralt, ila wanamwonya asikiue. Wanataka kiondoke tu. Kabla ya hapo wanakijiji wengine wamempangia foleni kumweleza mazimwi yao, na mengi hayapo kabisa, ni uvumi na vivuli. Nilimsomea mzee sehemu ile. Akasema huyo kijana aje msimu wa mavuno, atapata kazi ya kweli, ila malipo angoje korosho zikiuzwa.

Tukiacha utani, waliomwua Osama walikuwa watumishi wenye mshahara wa mwezi. Hakuna aliyewatundikia tangazo la oreni elfu tatu. Na aliyeliwa? Zilipotoka kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa mtu aliyeuawa na mnyama mkali, na kifuta jasho cha kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari ya mazao, kwa kutegemea shamba liko umbali gani na mpaka wa hifadhi, na usidai zaidi ya ekari tano. Ekari ya sita imeliwa sadaka. Namwona Geralt akisoma jedwali lile mlangoni, kidole kwenye mstari, farasi anasubiri nje.

Anachokosa askari wa wanyamapori ni mshairi. Geralt anatembea na wake, yule aliyefungua mtungi, kila dubwana linalokufa linaimbwa mabaa yote. Na sisi tuliwahi kuwa na utaratibu huo. Mganga Nguvumali, mfukua wachawi aliyekuwa akiitwa huku na kule pwani hii, alimpata Hasani bin Ismail, akamtungia utenzi, Swifa ya Nguvumali, ukachapwa na Oxford mwaka 1968. Oxford! Mganga wa kuitwa vijijini, na sifa zake ziko kwenye maktaba za Ulaya kwa sababu tu alikuwa na mtunzi mzuri karibu. Waliopiga risasi ya mwisho 2004 walijaza fomu wakarudi kambini. Sijasikia hata ubeti mmoja.

Sifa zenyewe zikija zinaweza kumwendea mwingine. Miaka ya 1940 huko Njombe simba walikula watu mamia kwa mamia, na afisa wanyamapori George Rushby akawafuata pamoja na askari wake, wakaua simba 15. Simba wakakoma. Wenyeji wakapumua, wakashukuru, lakini wengi hawakumshukuru Rushby. Walisema simba wale walikuwa wa mganga mmoja, Matamula Mangera, aliyekuwa amevuliwa ujumbe. Sasa alikuwa amerudishiwa cheo chake na ameridhika, ndiyo maana amewaita nyumbani simba wake. Fikiria umelala porini miezi, malaria inakutikisa, umeua simba kumi na watano, na shukrani zinakwenda kwa mtu aliyekaa barazani akingoja barua ya uteuzi. Nilipomweleza mama watoto kisa hicho hakushangaa. Alisema ndivyo futari inavyopikwa humu ndani, anayesifiwa ni aliyenunua tambi.

Sikujibu. Kuna vita ambavyo hata Geralt anaviacha.

Kituko kikubwa, hata hivyo, kimempata mwandishi mwenyewe. Sapkowski alisomea uchumi. Alikuwa mfanyabiashara, muuzaji wa kampuni ya biashara ya nje. Hadithi yake ya kwanza aliipeleka kwenye shindano la jarida la Fantastyka, ikatoka 1986, ikashika nafasi ya tatu. Nimeguna. Ya tatu! Basi huyu mchumi, mtunzi wa mtu anayejua kupatana bei hata na wafalme, alipofuatwa na vijana waliotaka kutengeneza mchezo wa kompyuta wa Geralt, wakamwahidi asilimia, akakataa. Aliona mchezo hautafika popote. Akataka fedha ya mara moja, mkononi. Mkulima yeyote wa korosho hapa anaijua biashara hiyo: ni kangomba. Umebanwa, ada ya mtoto inangoja, mtu anakuja na kikopo chake ananunua korosho zikiwa bado mtini, anakupa noti mbili tatu, msimu ukifika unamwangalia anavyopakia magunia. Michezo ilianza kutoka 2007, ikauzwa dunia nzima kwa mamilioni ya nakala. Mwaka 2018 mawakili wa mzee wakadai nyongeza isiyopungua zloti milioni 60. Desemba 2019 wakafikia makubaliano mapya. Yaani alichukua kangomba, lakini akarudi ghalani na mwanasheria. Fundi mwashi alipolisikia hilo aliomba nimwonyeshe picha ya Sapkowski. Akaitazama sana. "Huyu," akasema, "ningependa anisaidie ile nyumba ya kona."

Jambo moja tu katika kitabu kile ningependa liletwe Tanzania lilivyo, na lipitishwe bungeni kwa hati ya dharura. Huko kwa akina Geralt, ukimwokoa mtu anaweza kukulipa kwa kanuni ya kale: nipe kile utakachokikuta nyumbani bila kukitarajia. Mfalme anarudi kutoka safari, anakuta mke ana mimba, na mtoto ni deni tayari. Wao wanaliona jambo la kutisha. Mimi nimeliona ni mlango wa rehema. Nilikwenda Kibiti kufuata mbegu, nikarudi jioni nikamkuta shemeji yangu sebuleni, na begi, na redio, na godoro lake mwenyewe. Mtu anayekuja "kupumzika kidogo" haji na godoro. Kwa Mungu, siku ile kama Geralt angenivusha hata mfereji tu nisilowe viatu, ningemwambia bwana, twende nyumbani, kuna kitu sikukitarajia, kichukue na redio yake.

Nimemaliza kitabu, na sasa nina sifa mtaani. Juzi usiku nikagongewa. Bi Mkubwa wa nyumba ya nyuma, kanga imefungwa kifuani, tochi mkononi.

"Mwanangu, si wewe unayesoma kile kitabu cha mashetani?"

"Ni mazimwi, Bi Mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba. Kuna kitu bandani kwangu kinamaliza kuku."

Nikajikuta nimeegemea mlango, mikono kifuani. Nikamwuliza kina macho ya rangi gani, kinatoa sauti gani, kimekula wangapi. Nikanyamaza kidogo. Kisha nikataja bei: mayai sita. Alinitazama kwa muda, mtu ambaye aliwahi kunibeba mgongoni, akasema haya.

Kilikuwa kicheche. Kimejibanza pembeni nyuma ya tenga, manyoya meusi yenye mistari myeupe, kimegeuza mgongo, na mwenye kujua maana ya kicheche kukugeuzia mgongo anajua kilichonipata. Panga langu lilikuwa la chuma peke yake, la kufyekea, nalo halikunisaidia kitu. Kilipita katikati ya miguu yangu kikaenda zake. Nilioga kwa ndimu, nikaoga kwa majivu, shemeji akahamisha godoro lake kwenda barazani, jambo ambalo kwa kweli ni faida ya kwanza niliyoipata katika fani hii.

Asubuhi nikaenda kudai. Bi Mkubwa akanipokea kwa mbali, kanga puani.

"Hukukiua."

"Makubaliano yalikuwa kukiondoa, Bi Mkubwa. Kimeondoka."

"Kitarudi."

"Kikirudi ni kazi mpya."

Akaingia ndani, akakaa huko kitambo, akatoka na mayai mawili kwenye bakuli, akaliweka chini katikati yetu, akarudi nyuma hatua mbili ndipo nikasogea. Nikayatazama. Nikamwuliza, kwa adabu zote, yako wapi manne yaliyobaki.

"Yapo," akasema. "Bado yamo ndani ya kuku."